Chupa yako inawaka bluu? Tulia kwanza

Mbukwenyi wapendwa. Wiki hizi simu yangu imejaa picha za chupa. Chupa ndogo za maabara, chupa za maji ya kunywa, glasi za chai, hata kopo la dawa ya kikohozi limo, zote zimewekwa gizani chini ya taa ya UV, zote zinawaka bluu safi, afu chini yake meseji: madam tumefanikiwa, hizi ni doti za kaboni za mlonge, hizi za maganda ya chungwa, hizi za majani ya mpera, je zinaweza kuingia kwenye seli? Nawapongeza kwa moyo wote, ila leo niseme hapa kitu ambacho nimekisema kwa mtu mmoja mmoja mpaka nimechoka. Kuwaka bluu sio ishu. Chukua karibu kitu chochote kilichowahi kuwa mmea, kipike kwenye maji kwa joto la kutosha, kitawaka bluu. Ishu ni nani hasa anayewaka humo ndani ya chupa, na je ukishamweka ndani ya kiumbe hai utaendelea kumuona?

Kwa mlioingia karibuni: doti za kaboni ni vichembe vidogo sana vya kaboni, kwa kawaida chini ya nanomita 10 (nanomita moja ni milimita iliyogawanywa mara milioni), ambavyo ukivimulika kwa UV au mwanga wa bluu vinarudisha mwanga wa rangi nyingine, ndo maana watu wanaviingiza kwenye seli na viumbe hai ili kupiga picha za ndani. Wala hazikutafutwa. Mwaka 2004 watafiti wa Chuo Kikuu cha South Carolina, Marekani, walikuwa wanasafisha nanotyubu za kaboni, yaani vijibomba vidogo sana, zilizotengenezwa kwenye masizi ya cheche za umeme, wakayapitisha kwenye jeli yenye umeme ili kutenganisha vitu, na uchafu uliokuwa unatakiwa utupwe ukajipanga kwenye mikanda inayowaka rangi tofauti tofauti. Miaka miwili baadae, 2006, timu ya Ya-Ping Sun pale Clemson, jimbo hilo hilo, wakavifunika vichembe vya namna hiyo na polima, vikawaka kwa nguvu zaidi, na jina la doti za kaboni likashika kuanzia hapo.

Watu walizipokea kwa shangwe kwa sababu kabla yake mfalme wa kuwaka kwenye seli alikuwa doti za kwanta, vichembe vingine vidogo hivyo hivyo ila vya semikondakta, zile zile zilizowapa Moungi Bawendi, Louis Brus na Alexei Ekimov Nobeli ya kemia 2023. Doti za kwanta ni nzuri mno, rangi unachagua kwa kubadili ukubwa wa chembe tu, lakini nyingi kati ya zile zinazowaka vizuri zina kadimiamu, na kadimiamu ni sumu inayojikusanya kwenye figo na kukaa humo miaka na miaka. Sasa ukitaka kumdunga kiumbe hai kitu kama hicho lazima uwe umejiandaa kwa maswali. Kaboni ikaonekana mpole. Afu 2012 kikundi kimoja India wakachukua juisi ya machungwa, ndiyo, juisi ya kawaida, wakaipika kwa nyuzi 120 kwa dakika 150 wakapata doti za nanomita 1.5 hadi 4.5, kati ya fotoni (punje za mwanga) 100 zinazomezwa zinarudi kama 26, wakaziweka kwenye seli za saratani ya mifupa ya binadamu na zikaonekana vizuri chini ya hadubini. Mwaka huo huo walishatokea wa maganda ya tikiti maji, wa maziwa ya soya, wa majani ya nyasi. Baadae tangawizi, vitunguu saumu, giligilani, ndizi. Kila maabara ikageukia jikoni kwake, na bado haijageuka kurudi.

Mapishi yenyewe sio siri. Unakausha mmea wako, unasaga, unachanganya na maji yaliyochujwa, unamimina kwenye kikombe cha tefloni kinachokaa ndani ya silinda nzito ya chuma, unafunga kwa nguvu, unaweka kwenye oveni nyuzi 180 au 200 kwa masaa kadhaa. Humo ndani sukari zinapoteza maji, vipande vinaungana, vinajikunja, vinaelekea kuwa kaboni, na kama kuna proteini basi nitrojeni yake inaingia humo humo na mara nyingi inaongeza kung'aa. Maji kwa nyuzi 180 yakiwa yamefungiwa yanasukuma kwa presha kama mara kumi ya hii hewa tunayovuta, kwa hiyo kikombe kisijazwe kupita theluthi mbili, silinda isifunguliwe ikiwa ya moto, na presha kuka ya mama jikoni iacheni ipike maharage yake. Umeme ukikatika katikati, usiunganishe masaa ya asubuhi na ya jioni ukaita sampuli moja, andika pembeni kwamba hii ilikatika, tupa au iweke kando. Ikishapoa unapata kimiminika cha kahawia kinachonuka sukari iliyoungua, na harufu haidanganyi maana kikundi kingine India hiyo hiyo 2012 walionyesha kwamba sukari iliyounguzwa na hata mkate vina chembe za kaboni za aina hii. Yaani tunazila tangu zamani. Unachuja kwenye filta ya maikromita 0.22, unazungusha kwenye sentrifyuji, unazima taa ya chumba, unawasha UV, bluu, kelele, picha, meseji kwa madam.

Hapo ndo naanza ugomvi wangu.

Taa ninayotumia mimi nyumbani ni ya kukagulia noti, hizi walizonazo mawakala wa pesa. Nilinunua baada ya kusimama kwenye foleni kwa wakala mmoja pale soko la Majengo, nikawa namwangalia anavyopitisha noti moja moja chini ya kitaa chake cha zambarau bila hata kuangalia vizuri, nikamuuliza, kaka unajuaje feki kwa haraka hivyo? Akanijibu huku anahesabu: "Dada, feki inawaka yote. Halali imetulia, inawaka pale tu inapotakiwa." Nilicheka peke yangu mpaka mama aliyekuwa nyuma yangu akaniangalia vibaya. Karatasi ya kawaida imewekwa dawa ya kung'arisha weupe, ndugu wa ile iliyomo kwenye sabuni ya unga, ndo maana inawaka bluu nzima nzima, wakati karatasi ya noti haina, inabaki giza na alama chache tu zinajitokeza. Na mkono wa blauzi yangu nyeupe pale dirishani ulikuwa unawaka kuliko noti zote. Seli iliyopigwa picha vizuri inatakiwa iwe noti halali. Wengi mnanitumia blauzi.

Sasa tufanyeje. La kwanza ni la bure kabisa na ndo linalorukwa: weka pembeni maji ya mmea huo huo ambao haujapikwa. Loweka, chuja, mulika. Ngozi ya zabibu ina resveratroli, na resveratroli inawaka bluu yenyewe bila kupita kwenye oveni yoyote. Majani mengi yana flavonoidi na asidi za aina mbalimbali zinazofanya hivyo hivyo. Kama kibichi na kilichopikwa vinawaka sawasawa, bado hujatengeneza kitu cha kuniamsha usingizini.

La pili ndo lenye utamu. Kilichopikwa ni mchanganyiko: kuna chembe, na kuna molekuli ndogo ndogo zilizozaliwa kwenye joto lile lile, na hizo molekuli zinajua kuwaka balaa. Mfano maarufu sio wa mmea, ni wa asidi ya sitriki iliyopikwa na ethilinidiamini. Mwaka 2013 ilitoka taarifa ya doti za mchanganyiko huo zinazorudisha fotoni karibu 80 kwa 100, dunia ikashangilia, ila ilipofika 2015 watu wakafungua mchanganyiko huo wakakuta ndani yake kuna molekuli moja ndogo, wanaiita kwa kifupi IPCA, na sehemu kubwa ya ile bluu kali ni ya kwake. Hiyo ni kemia safi ya vitu viwili tu vinavyojulikana. Wewe una jani lenye mamia ya vitu.

Dawa yake ni mfuko wa dayalisisi. Ni utando wenye vitundu vidogo sana, unamimina sampuli yako ndani, unafunga ncha zote mbili, unauzamisha kwenye bika kubwa la maji, molekuli ndogo zinatoka nje taratibu na chembe zinabaki ndani. Mfuko wa daltoni 1,000 (daltoni ni kipimo cha uzito wa molekuli, hapa ni za kupita kwenye vitundu) unatosha kuanzia. Kila baada ya masaa kadhaa unabadili maji, na hapa ndo nasisitiza, usimwage yale maji ya nje kabla hujayamulika. Kuna dogo mmoja wa PCB (fizikia, kemia na baiolojia) alikuja maabara na doti zake za mlonge, chupa inawaka mpaka unafumba macho. Tukaziweka kwenye mfuko. Baada ya chakula cha mchana tukazima taa: mfuko unawaka wastani, maji ya nje yanawaka bika zima, bluu mpaka kwenye kuta. Akaninong'oneza, "Madam, imeharibika?" Nikamwambia haijaharibika, badili maji. Akabadili, akabadili tena jioni, akalala nayo kichwani, asubuhi akabadili tena. Mwisho maji ya nje yakawa maji kweli, hayawaki kitu, na ndani ya mfuko kulikuwa na rangi ya chai nyepesi inayowaka kwa mbali, bluu ya kijani kijani, lazima ukae gizani dakika kadhaa macho yazoee ndo uione. Hicho kidogo ndo chake. Alinuna siku nzima na mimi nilikuwa na furaha kuliko yeye, maana sasa alikuwa na kitu cha kupima, na akiambiwa kina chembe anaweza kutetea.

Halafu mtaniambia, madam, mbona ukibadili mwanga wa kumulika na rangi inayotoka inabadilika, si ndo alama ya doti za kaboni? Ni kweli nyingi zina tabia hiyo, ukimulika kwa urujuani zinatoa bluu, ukimulika kwa bluu zinatoa kijani, na wataalamu bado wanabishana kama ni kwa sababu ya ukubwa wa chembe, au hali ya uso wake, au molekuli zilizonasa juu yake. Ila mchanganyiko wa molekuli tano tofauti nao utafanya hivyo hivyo. Kwa hiyo peke yake haitoshi.

Kwenye kupima nguvu ya kuwaka, wengi mnaandika tu "inawaka sana". Sana kuliko nini? Kipimo kinachotumika kwa bluu ni kwinini. Kwinini hii hii ya malaria, iliyokuwa inawafanya wazee wetu wasikie masikio yanavuma. John Herschel aliandika juu ya bluu yake mwaka 1845, George Stokes akaichambua 1852 akaonyesha kwamba mwanga unaotoka ni wa rangi tofauti na unaoingia. Ikiwa kwenye asidi ya salfa ya molari 0.1, kwinini inarudisha fotoni 54 kwa 100, namba hiyo imezoeleka, kwa hiyo unapima yako na kwinini kwenye mashine moja, masharti yale yale, unalinganisha. Sharti dogo ambalo linaua kazi za watu: sampuli iwe hafifu sana, kipimo cha kumeza mwanga kisipite 0.1, maana ikiwa nzito inakula mwanga wake yenyewe na unapata namba ya ajabu. Doti nyingi za mimea zikipimwa kwa adabu zinatoka na namba ndogo, na sio aibu.

Nije kwenye nyekundu, maana kuna kundi la pili linalonitumia picha nyekundu na hawa ndo wanajiamini zaidi. Chukua mchicha, uponde, uloweke kwenye spiriti, chuja. Mchana unaona kijani. Gizani chini ya taa ya noti unaona nyekundu kama damu, na sijapika chochote. Hiyo ni klorofili, inatoa mwanga wake kwenye nanomita 670 mpaka 680 hivi, na David Brewster wa Scotland alishaiona miaka ya 1830 akiwa na majani na pombe tu. Ukipika mchicha kupita kiasi unaona unakuwa kijani cha kuchoka kinachoelekea kahawia, pale klorofili imepoteza magnesiamu yake ikawa feofitini, na feofitini nayo inawaka nyekundu. Sasa mtu anapika majani ndani ya ethanoli, anapata nyekundu, anaita doti nyekundu za kaboni. Inawezekana ni kweli! Lakini kama kilele cha mwanga kimekaa pale pale 675 na hakisogei hata ubadili taa ya kumulika, mimi namuona klorofili amevaa koti. Kuna kazi nzuri zilizotoa nyekundu ya kweli kutoka kwenye majani, na kuna nyingine ukisoma unaona kabisa hakuna aliyeweka spektra (mchoro wa rangi za mwanga unaotoka) ya jani bichi pembeni, na zimechapishwa na zinanukuliwa. Inaniudhi, siwezi kuficha.

Na inaudhi zaidi kwa sababu nyekundu ndo tunayoihitaji. Weka tochi ya simu chini ya kiganja chako gizani, uone mwanga unaotoka juu ni rangi gani. Simu imetoa mweupe, kiganja kimepitisha mwekundu peke yake, bluu na kijani vimemezwa na himoglobini na kutawanywa na nyama. Watu wa kupiga picha ndani ya viumbe wanafanya kazi kwenye dirisha la takriban nanomita 650 hadi 950, hapo ndo mwili unapitisha mwanga. Bluu yako nzuri ya 450 inatosha kwa seli zilizotandazwa kwenye kioo, basi. Afu kuna tatizo la blauzi tena: mwili wenyewe unawaka. Kolajeni inawaka bluu, NADH, molekuli ya nishati iliyomo kwenye kila seli, inawaka bluu, flavini zinawaka kijani. Unaingiza doti ya bluu kwenye nyumba ambayo taa za bluu zilishawashwa tangu juzi.

Ndo maana viumbe wanaopendwa ni wale wanaoona jua mpaka tumboni. Kiluwiluwi cha samaki pundamilia ni kioo kabisa, unaona moyo unavyodunda. Kuna kazi ya 2015 ambapo doti za kaboni zilimwingia akiwa kwenye maji na kwa kudungwa, zikaenda kujikusanya zaidi machoni na kwenye kiini cha yai. Mwaka 2016 watu wa Chuo Kikuu cha Miami walikuwa na doti, hizo sio za mmea, zilitoka kwenye unga wa kaboni, zilizokwenda moja kwa moja kwenye mifupa iliyoanza kukomaa ya samaki huyo huyo na kuacha sehemu nyingine zote. Kazi ile naipenda kupita kiasi. Noti halali kabisa, inawaka panapotakiwa tu.

Wengine wanatumia mnyoo wa C. elegans, urefu milimita moja, kioo pia, unamlisha bakteria wenye doti ndani na utumbo unawaka. Lakini chembechembe za utumbo wa huyu mnyoo zinawaka bluu zenyewe bila kulishwa kitu, na kibaya zaidi, 2013 timu moja ya London ilionyesha kwamba akiwa anakufa bluu hiyo inalipuka na kusafiri mwili mzima. Hebu fikiria. Umemlisha doti zako, ni sumu, anakufa, anawaka, wewe unapiga picha unaandika "imefanikiwa". Nikifikiria hilo nachoka kabisa.

Kwa panya, Clemson walishafanya 2009, walidunga chini ya ngozi na kwenye mshipa, wakaona mwanga kwenye kibofu, doti zinatoka na mkojo. Hiyo inaendana na jambo lililojulikana kwa doti za kwanta tangu 2007, kwamba chembe ikiwa chini ya nanomita 5.5 hivi figo inaipitisha, ikizidi hapo inabaki inazunguka na kuishia kwenye ini na bandama. Kwa hiyo ukubwa ndo unaamua kitu kitatoka mwilini au kitahamia, sio namba ya kupamba ripoti tu. Na ukubwa hauonekani kwa hadubini ya mwanga, unahitaji hadubini ya elektroni, ambayo sio kitu cha kukutana nacho kila kona, kwa hiyo jipangeni mapema kabla hamjaandika proposo.

Niongelee na hili la "ni ya mmea kwa hiyo ni salama", maana nimeisikia mpaka kwenye daladala ya kutoka Ng'ong'ona. Utupa ni mmea. Waulizeni wavuvi utupa unafanya nini kwa samaki. Doti za kaboni nyingi zinaonekana pole kwenye vipimo vya seli, ni kweli, lakini vipimo vingi ni vya masaa 24 au 48, gizani, kwenye seli za kwenye sahani. Zikimulikwa baadhi yake zinatengeneza oksijeni kali inayochoma seli, hadi kuna watu wanazitumia makusudi kuulia seli za saratani au bakteria, na kumulika ndo kazi nzima ya kupiga picha. Pima sumu na taa ikiwa imewaka. Na kwa anayeniuliza kama anaweza kunywa doti za mlonge kwa ajili ya sukari au presha: hapana, tafadhali, hapana.

Swali la mwisho linalojirudia, hapa kwetu Dodoma tutumie nini. Wengi mnakimbilia zabibu, naelewa, zinavunwa mara mbili kwa mwaka na baada ya kukamua mvinyo maganda yanabaki malundo. Shangazi yangu wa Hombolo aliposikia nachukua maganda yake akaniuliza, "Mwanangu, hiyo takataka utanilipa?" Nikamwambia shangazi kwanza nione inafaa. Mpaka leo ananiita mteja. Zabibu nyekundu zina rangi nyingi na tanini nyingi, kusafisha kwake ni kazi, sikukatazi ila jiandae na mfuko.

Mimi nikichagua nachagua ubuyu. Angalia kilichomo kwenye ule unga mweupe: asidi ya sitriki, asidi nyingine za matunda, vitamini C, sukari, pektini. Asidi ya sitriki ndo malighafi inayotumika kuliko zote kutengeneza doti hizi, watu wanainunua kwenye chupa, kwetu imening'inia barabarani kuanzia Chamwino hadi Mpwapwa. Unga hauna klorofili kwa hiyo ugomvi wa nyekundu ya uongo haupo. Proteini ni chache, kwa hiyo ongeza kitu chenye nitrojeni, unga wa soya unafaa, na utengeneze sampuli ya ubuyu peke yake, ya soya peke yake na ya mchanganyiko, tatu, zote kwenye oveni moja siku moja. Kuna mpenda maswali atasema madam mbona hiyo asidi itatuletea ile IPCA na ndugu zake. Ndiyo, inaweza kuleta jamaa wa aina hiyo! Mfuko uko wapi?

Jumamosi nitakuwa maabara kuanzia saa tatu asubuhi. Anayekuja alete chupa tano zenye majina: maji matupu, mmea mbichi uliolowekwa, uliopikwa, kilichobaki ndani ya mfuko, na maji ya nje ya mfuko ya mara ya mwisho. Kwenye simu zenu fungeni mwangaza wa kamera kwa mkono kabla ya kupiga, mkiacha ijiamulie itang'arisha kila kitu gizani na chupa zote zitatoka zinafanana. Miwani ya kukinga UV ninayo michache, mtapokezana, hakuna kuchungulia taa kwa macho makavu. Na mnaoleta ubuyu, leteni unga mweupe wa kutoka kwenye tunda. Ule mwekundu wa kwenye vifuko vya kuuza shuleni una rangi ya dukani, mtakula wenyewe nje.